Pedeli za Kunasa

Shemeji kaniletea toka Maskati
pedeli za kunasa, na viatu vyake,
chuma unyayoni. Ka!
Mguu umeshaolewa na baskeli.

Mlima wa Mtambile, sikatai, nilifaidi:
hata unyayo ukirudi juu, unavuta.

Lakini mie muuza boflo.
Kila mlango nasimama.
Bi Riziki ataka mbili, chenji hana,
mara mbuzi wa Mbwana huyo, kavuka,
nami nimesahau kupinda kisigino:
nikalala ubavu, polepole,
skuli nzima ikitazama,
boflo mchangani.

Shaame fundi kanirudishia zile pana,
mpira umelika upande mmoja.
Kandambili zaingia, zatoka,
hazidai talaka.

Viatu nimevitundika msumarini.
Mlimani, pumzi ikinikatika,
navikumbuka.