Alama ya Kujumlisha

Mvua ya plamu, wiki ya tatu sasa,
na Taoyuan yote inanuka kama dasta mbichi.
Kinyozi Ou-yang ameileta kompyuta yake
imefungwa kwa blanketi la mtoto.
"Ilizimika Jumanne. Humo mna madeni ya watu
tangu mwaka wa tisini na tatu.
Ikifa hii, mtaa mzima utakuwa umenyolewa bure."

Juu yake kaacha mfuko wa kijani wa bisi tamu,
ule tunaouweka juu ya mashine ili ziwe na adabu.
Nimesoma tarehe: umepitwa na miezi minne.
Sikusema kitu. Nimebadilisha bisi kwanza,
ndipo nikashika bisibisi.

Kuifungua ni kupokea harufu.
Wasiojua husema, samaki.
Mimi husema, kapasita.
Vikopo vya bati, si vikubwa kuliko punje za mahindi,
vimejikojolea palepale vilipoketi,
kimyakimya, tone kwa mwaka,
hadi shaba ikaota ukungu wa kijani
na njia za umeme zikaliwa katikati ya sentensi.

Siki kwanza. Mswaki wa zamani wa mume wangu
(anadhani umepotea).
Povu dogo, kama mtu anayenong'ona.
Kisha spiriti, kisha feni, kisha chai yangu,
kwani ubao haukauki kwa kutazamwa.

Pasi ya kulehemu imeshika moto.
Usivute, we mama, usivute:
kinachovutwa huondoka na sakafu yake.
Naongeza risasi mbichi miguuni,
napasha huku, napasha huku,
hadi kiachie chenyewe, kama jino la utotoni.

Kumi na tatu vimetoka hivyo.
Cha kumi na nne kilikataa,
na kilipokubali, nikaona chini yake

alama ya kujumlisha, imechapwa kwa rangi nyeupe,
imesimama upande usio wake.
Nikaigusisha mita, mara tatu. Mara tatu ikalia.
Mguu wa chanya unashuka kwenye ethi.
Tangu kiwandani. Tangu siku ya kwanza.

Namba ya toleo naijua.
Mkanda wa nne, zamu ya usiku,
mimi, Tseng Yueh-hsia, miaka ishirini na miwili,
kofia ya buluu, kibano mkononi,
vikopo mia tisa kabla ya mapambazuko,
na msimamizi kisogoni: "Fuata mchoro."
Nilifuata.
Hung Pi-lien, aliyekaa kushoto kwangu,
aliwahi kuuliza. Wakamhamishia kwenye maboksi.

Siwezi kusema kidole kilikuwa changu.
Siwezi kusema hakikuwa.

Kipya nimekiweka kinyume na mchoro.
Waya mwembamba kama unywele umevuka pale palipoliwa;
mkono ulitetemeka, lehemu moja mbaya, nikairudia.
Kisha kwa wino mweusi nikaifuta ile alama
na kuandika nyingine, ndogo, upande wa pili,
kwa ajili ya atakayefungua baada yangu.

Saa tano usiku, swichi.
Feni. Kimya cha kukausha mate.
Halafu majina, moja moja, yakapanda kwenye kioo:
Wu Chin-tu, kunyoa na kuosha, dola themanini, hajalipa.

Nadhani alishakufa, huyo.
Deni lake linamulika, linamulika.