Mwavuli wa Kuazima

Hatukupanga. Jumamosi, saa tatu asubuhi,
Fieke anapaka siagi mkate uliokwisha pakwa siagi,
mvua inagonga bati la banda la baiskeli.
Nikasema, "Twende Liège."
Akasema, "Na mvua hii?"
Nikasema, "Basi tubaki."
Akavaa koti.

Kwa treni ni nusu saa tu. Maastricht inaisha
kabla hujafungua kifungo cha shingoni,
kisha machimbo ya chokaa, kisha lugha nyingine.
Mto ni uleule. Kwetu Maas, kwao Meuse,
jina linabadilika mpakani kama la bi harusi,
lakini maji hayajui ndoa wala pasipoti,
yanateremka kuja kwetu
na sisi tunapanda kwenda yatokako.

Barua hatukuitaja.
Walisema itafika Jumatatu,
bahasha ya hospitali, ile yenye kidirisha
ambamo jina lako hukuchungulia.
Fieke akachagua tone kwenye kioo, nami nikachagua langu:
lipi litafika chini kwanza? Dau, kahawa.
Akashindwa. Akasema tone lake limehujumiwa.

Liège ilitupa mgongo.
Soko la kando ya mto, tulilolijia,
ni la Jumapili. Hatukujua;
safari ya ghafla haiulizi ratiba.
Tukakuta nguzo, njiwa watatu wenye kiburi
na jani la kabichi likielea mferejini.
"Angalau kabichi," alisema Fieke.

Tukaziendea ngazi, zile ndefu, mia tatu na kitu,
zinazopanda kilima moja kwa moja bila adabu.
Maji yalikuwa yakiteremka kwa vidato,
kila kidato na kimaporomoko chake.
Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, nimefika mia na arubaini,
kiatu chake cha kushoto kikafumbua kinywa,
soli ikaning'inia kama ulimi.
"Tazama, Sjef," akasema, "kina njaa."
Akaketi palepale kwenye jiwe lililolowa
akacheka, akacheka mabega yakatikisika,
na usoni mwake mlikuwa na maji mengi
nami sikuuliza ni ya wapi.

Mlango ukafunguka. Harufu ya liki zinazochemka.
Bibi mmoja, aproni hadi magotini,
akasema maneno mengi ambayo Kifaransa changu cha shule
kilidaka mawili: *maskini* na *kamba*.
Akapiga goti (pamoja na umri wake!)
akakifunga kile kiatu kama anayefunga mzigo wa posta,
fundo, na fundo juu ya fundo.
Kisha akaingia, akatoka na mwavuli wa kijani,
ubavu mmoja umevunjika.
"Mtaurudisha."
"Lini, madamu?"
Akatutazama kama tumeuliza jua linachomoza lini.
"Mkipita."

Kileleni hatukufika. Husemwa kwamba kule unauona mji mzima.
Sisi tuliona kiatu, kamba, mlango namba hamsini na mbili,
halafu kafe yenye vioo vya mvuke,
waferi za moto, chembe za sukari zikivunjika menoni,
na kahawa ya dau, ambayo nililipa mimi
kwa sababu mshindwa alikuwa amesahau pochi.

Wasemao nguo ya kuazima haisitiri
hawakupita na sisi kwenda stesheni:
watu wawili wanene chini ya mbavu saba,
kila mmoja bega moja kavu.

Jioni, treni ikafuata maji kuelekea nyumbani.
Mwavuli kati ya magoti yake ulikuwa ukichuruzika
hadi kwenye buti la mwanajeshi aliyelala.
"Huu ni wa watu," akasema Fieke.
"Ni wa watu."
"Itabidi turudi."
"Itabidi."
"Machi?"
"Machi mvua nyingi."
"Ndiyo maana."

Jumapili kutwa ulikaa wazi bafuni, unakauka,
umejaza mlango mzima, tukipita kwa ubavu.
Hakuna aliyeufunga.