Sentimita Kumi na Moja

Mtaka cha mvunguni huinama;
wangu yeye hulala chali.
Tangu Machi namjua mume wangu kwa soli za viatu
zinazochungulia chini ya Praga,
lori la jeshi la ekseli tatu
alilolinunua kwenye mnada wa vyuma chakavu, Boskovice,
kwa pesa za bafu tuliloahidiana.

Lililetwa kwa kuvutwa, likavunja tawi la mplamu.
Kuku wa Květoslava waliacha kutaga siku nne.

Zbyněk alianza na mlango wa kushoto.
Msasa, brashi ya waya, msasa tena.
Kijani kikatoka, chini yake kijani kingine,
chini yake rangi ya udongo, kisha chuma chenyewe,
uchi, kikiona haya.
Boliti moja ilimgomea juma zima.
Aliipaka mafuta, akaichoma moto, akaibembeleza,
akaitukana kwa majina ya masajini wote waliowahi kumfokea.
Ilipolegea alikuja nayo jikoni,
akaiweka kando ya mkate,
tukala chakula cha jioni watatu.

Mimi ni fundi cherehani.
Fungu langu lilikuwa viti na turubai.
Nikapasua kiti cha dereva: manyoya ya farasi, vumbi,
njiti za kiberiti,
na utepe wa kupimia, wa manjano,
umejikunja kama konokono.
Nilicheka, nikadhani ni wa fundi mwenzangu.
Nikaukunjua. Ulianza moja, ukaishia kumi na moja,
ncha imekatwa kwa mkasi, sawasawa.

Zbyněk akatoka mvunguni.
Akaniambia jambo ambalo miaka thelathini na nane ya ndoa
haikulitoa kinywani mwake:
kwamba kijana aliyeitwa jeshini,
zikimbakia siku mia na hamsini,
alinunua utepe kama huu,
na kila jioni akakata sentimita moja.
Yeye ya mwisho aliitupa dirishani mwa treni,
amelewa, akiimba kwa sauti mbaya.
"Mtu husahau bunduki," alisema. "Huu hausahau."

Akanawa mikono kwa petroli.
Siku tatu hakuligusa lori.

Tuliuliza. Wizarani, kwa barua:
madaftari ya kikosi hicho yalilowa, samahani.
Kwa mtu wa mnada: aliinua mabega.
Labda kijana alihamishiwa lori jingine.
Labda alifungwa, siku zikaongezwa,
utepe ukageuka mwongo, akaufukia asiuone.
Labda.
Kila labda niliishona usiku,
asubuhi nikaikuta imefumuka.

Septemba injini ikawaka.
Injini ile haijui maji, hupozwa kwa upepo tu,
kwa hiyo haina subira:
ilikohoa moshi mweusi juu ya shuka nilizoanika,
ikatikisa vioo vya jirani,
kisha ikatulia, ikinguruma chini chini
kama mtu mwenye jina la mtu
kwenye ncha ya ulimi.
Zbyněk alifuta macho. Alisema ni moshi.

Turubai nimelimaliza jana.
Pindo lake halihitaji zaidi ya sentimita tano,
fundi yeyote atakwambia.
Nimelikunja kumi na moja, pande zote nne,
na nimepima kwa utepe wake.
Zbyněk akashika mkasi wangu,
kwa mzaha, au si kwa mzaha, akauliza,
"Tumkatie moja moja, afike kwao?"
Weka chini, nikamwambia.
Siku zake si zetu kuzihesabu.

Jumapili tutalishusha lori hadi mtoni.
Nitaketi upande wa abiria na chupa ya chai,
gia zitapiga kelele kilimani, kuku watatukimbia.
Utepe sijamwambia nimeuweka wapi.
Amekwisha jaribu kiti cha dereva mara mbili,
analalamika kwamba kina kinundu.
Hakina kinundu, namjibu.
Nimekishona mwenyewe.