Kielelezo Namba Tatu

Alikuja Jumatano, kwa miguu,
buti zimefubaa kwa vumbi la barabara ya miwa,
kofia kwapani, rungu ameliacha kwa bawabu
kama mtu anavyoacha mwavuli uliolowa.
"Konstebo Ekai," akasema, "wa kituo cha hapo chini,"
kana kwamba hatukijui,
kana kwamba hatuvuki upande wa pili
tukifika usawa wa bendera yake.

Mimi ndiye mwalimu wa Gredi ya Tano.
Watoto sitini na wawili, madawati ishirini na moja.
Nilitaka kuwaambia wakae wima. Haikuhitajika:
walikuwa wamekauka kama omena juani,
na Wesonga, mwenye mdomo wa cherehani,
alikuwa kimya, anapima dirisha kwa macho.

Mgeni alianza na trela.
Msizidandie, akasema. Msichomoe muwa trekta likiwa mwendoni.
Akachora gurudumu ubaoni, likatoka yai.
Hakuna aliyethubutu kucheka.
Akasema kwao, mbele ya Lodwar, hakuna miwa;
wiki ya kwanza hapa Shianda alidhani ni nyasi,
akalala akiwaza
ni ng'ombe wa kimo gani wanaolishwa nyasi hizi.
Hapo kicheko kikaanzia nyuma
kikaja mbele kama mvua juu ya mabati.

Kisha akakosea, au akapatia, mpaka leo sijui:
"Nani ana swali?"

Mkono ulioinuka ulikuwa wa Nanzala.
Nanzala, ambaye hata rejista
huijibu kwa nyusi.
"Sufuria yetu," akasema, "iko kwenu."

Nje, mpishi aliyekuwa akichagua maharagwe
akaacha kuchagua.

"Ile kubwa. Ya sikio moja.
Mlikuja usiku, mkamwaga, mkaibeba pamoja na mama.
Mama alirudi.
Sisi tunapikia ya Mama Okwaro, yeye akishamaliza.
Ndiyo maana nachelewa, mwalimu."

Hilo la mwisho lilikuwa langu.
Muhula mzima nimemsimamisha mlangoni.

Konstebo akavaa kofia. Akaivua.
"Ni kielelezo," akasema. "Namba tatu.
Haitoki mpaka hakimu aseme."
"Kielelezo ni nini?" Wesonga, sauti imemrudia.
"Ni kitu kinachosema ukweli mahakamani."
Nanzala akafikiri, kidole mdomoni.
"Basi ikiulizwa," akasema,
"isisahau kusema hata ugali ilipika."

Hakujibu. Wala mimi sikumsaidia.
Kengele ndiyo iliyotuokoa sote wawili.

Jumatano iliyofuata akaja na kitu
kimefungwa gazeti, kimekumbatiwa kama mtoto wa kuazima.
Tukaenda naye, Nanzala mbele,
kwenye kijia kati ya mashamba, na kila mlango
uliokuwa wazi ukafungwa tulipokaribia.

Mama yake aliipokea, akaigonga kwa kucha,
akasikiliza kama mtu anayenunua chungu.
"Hii haitoshi kupika pombe," akasema.
"Ndiyo," akasema konstebo.
"Wala ugali wa watu saba."
Hapo afande akatazama buti zake.
Ndipo yule mama akacheka, si kwa furaha,
lakini alicheka; akakata muwa nyuma ya nyumba,
akampa. Akaushika kama rungu.
Nanzala akamwonyesha: meno, kisha vuta.

Kesi imeahirishwa tena. Namba tatu
ingali kwenye rafu ya kituo, kibandiko shingoni,
inangoja kuulizwa.
Watoto wengine sasa hupita upande ule wa bendera,
wengine bado huvuka. Siwalazimishi.

Na Nanzala bado anachelewa:
sufuria ni ndogo, hupika mara mbili.
Asubuhi nikifika jina lake kwenye rejista
nasogeza kalamu pembeni,
naacha nafasi.