Herufi Elfu Kumi

Nimepanda kilima nyuma ya Čačak
na kopo la rangi nyekundu.
Milojko yuko langoni, mikono mfukoni,
hajanikaribisha kahawa. Namwelewa.
Mwenye brashi hapewi kiti.

Napindua jani la mplamu.
Duara ndani ya duara, manjano iliyochujuka,
kama alama ya kikombe kilicholala mezani.
"Jua tu hilo," asema. "Au baridi ya Aprili."

Si jua, Milojko.
Kidukari alitua, akachoma, akaonja, akaruka;
hakukaa hata muda wa kupiga chafya.
Mdomoni alibeba uzi mmoja,
herufi karibu elfu kumi,
uzi usio na mguu, usio na bawa, usiojua hata kula.
Katika seli ya kwanza ulivua koti,
na mti, kwa ukarimu wake wa mti,
ukausoma. Ukaunakili. Ukausoma tena.

Kati ya seli na seli pana vijitundu,
humo majirani huombana chumvi.
Vyembamba mno, uzi haupenyi.
Ila katika yaliyosomwa
lilikuwamo neno lenye kazi ya bawabu:
hushika kizingiti, hukitanua,
huuvuta uzi upande wa pili.
Mlango, kisha mlango, kisha mlango,
mpaka mshipani,
na mshipani sukari inateremka.
Nani atembee penye mto?
Ulichukuliwa na utamu uleule
uliokuwa ukienda mizizini,
ukienda kwenye matunda ya Agosti
ambayo sasa huanguka Julai, mabichi, yana makovu.

Anauliza ulianzia mti upi.
Nakagua safu. Ule wa kisimani, nadhani.
Ananyamaza, kisha anatoa kisu,
kile cha mpini wa pembe, anakitazama
kana kwamba ndiye aliyeulizwa.
"Nilitoa macho yake nikapandikiza miti kumi na miwili.
Na Stamena, alipoolewa,
nilimpa vijiti vitano
katika kitambaa kibichi, visikauke njiani."

Stamena anaishi ng'ambo ya bonde.
Paa lake linaonekana kutoka hapa,
na miti yake, kijani, imejipanga.

Ule wa kisimani anaupaka mwenyewe,
mstari mnene, uliopinda.
Halafu anaingia garini mwangu bila kuombwa,
kopo katikati ya magoti,
na njia nzima ya kushuka
anahesabu kitu kwa vidole vyekundu.