Siku ya Ishirini na Nane

Kazi yangu ni kuvunja.
Shangazi akiuliza, namwambia natengeneza,
maana nani alipe karo ya Kyambogo miaka minne
ili mtu arudi Tororo kuvunja mawe aliyoyamimina mwenyewe?

Nachekecha majivu ya pumba za mpunga,
nayapima hadi gramu ya mwisho,
nayafungisha ndoa na saruji, maji yakiwa mshenga.
Nagonga kasha la chuma hewa itoke,
kisha nazamisha tangini, nangoja.
Siku saba. Kumi na nne. Ishirini na nane.
Zege halijui kalenda ya mkurugenzi.

Ghorofani wanasema *ubunifu*.
Wamelipaka neno hilo ukutani, rangi ya kijani,
na Bwana Tumwebaze huligonga kwa kalamu mbele ya wageni.
Huku chini tunasema sampuli.
Ya kwanza ilimeguka kama mkate wa juzi.
Ya tisa ilikunywa maji ikavimba.
Ya kumi na saba ilikuwa nzuri, nzuri mno,
na tulipoirudia haikurudi.
Wiki mbili baadaye Wesonga akakiri:
siku ile feni ilikuwa inapuliza mizani,
majivu yakapeperuka, hajui kiasi gani.
Daftarini niliandika: *sababu haijulikani.*
Sijawahi kuandika sentensi ya kweli kuliko hiyo.

Pumba zinatoka Butaleja.
Mama Logose alikuwa akizichoma nyuma ya kinu.
Nilipomwomba magunia matatu alicheka,
akaniongezea na ndizi.
Sasa anataja bei.
Simlaumu. Ukimwomba mtu takataka mara ya pili,
mwenye akili huanza kuzitazama upya.

Na moto nao una kisirani chake:
ukizidi, majivu yanakuwa mazembe, hayashikani na kitu;
ukipungua, yanabaki meusi, na weusi ule ni deni.
Nayataka yawe na rangi ya shingo ya njiwa.
Kwa hiyo usiku nakesha na tanuri,
na dirishani jabali la Tororo,
zege la Mungu, lisiloombwa cheti na mtu.

Leo ni siku ya ishirini na nane
ya sampuli ya sitini na tatu.
Nautoa mchemraba majini,
naufuta kama mtoto aliyetoka kuoga,
nauweka kati ya mataya ya mashine.
Wesonga anasoma kwa sauti.
Mia tatu. Mia nne. Mia tano na kumi.
Tunahitaji mia tano sitini na mbili.
Mia tano hamsini na—

Unausikia kabla ya kuuona:
mlio mdogo, kama mtu anayesonya,
kisha ubavu unadondoka, na wa pili,
kinabaki kiuno chembamba katikati.
"Umevunjika kwa adabu," Wesonga anasema.
Naandika: mia tano hamsini na nne. Umeshindwa.

Jioni nasukuma vipande kwa toroli kwenda kuvitupa.
Opendi, mlinzi, ananizuia getini.
"Vya leo niachie. Vina nguvu kuliko vya mwezi jana."
Amejuaje? Mashine iko ndani, na ufunguo ninao mimi.
Ananionyesha nyuma ya kibanda chake:
njia, kutoka mlangoni hadi chooni,
imepangwa kwa vipande vyangu vyote.
Vya mwanzo vimekuwa unga. Vinavyofuata vina nyufa.
Kushindwa kwangu kwa mwaka mzima
mtu anakukanyaga usiku na tochi yake, wala hatelezi.

Mvua inanukia kutoka upande wa Osukuru.
Natembea juu ya njia ile taratibu, nikisoma namba,
wino wangu mwekundu haujafutika wote.
Kumi na tano. Kumi na sita, nusu yake imeliwa.
Kumi na saba.

Hakuna ufa. Kona zake bado zinakata.
Nachuchumaa. "Opendi, una kisu?"
Nakwangua kidogo tu,
vumbi linaangukia karatasi ya risiti,
naikunja mara nne kabla tone la kwanza halijafika.