Ndala za Bluu

Kwanza ilipotea ya kushoto.
Nikamshuku mpangaji wa chumba cha uani,
yule avaaye ndala za watu kwendea msalani
akazirudisha zimelowa, bila hata salamu.
Kesho yake ikaifuata ya kulia.
Nikanunua nyingine, bluu vilevile,
maana pale Mgandini bluu ndiyo ya bei ya chini.
Nazo hazikuiona Ijumaa.

Mimi ni mtu wa tanuri.
Saa tisa za usiku naitoa baiskeli ukumbini,
naishika barabara ya kumi na tano, Ngamiani imelala,
niwahi kabla unga haujaumuka ukapita kiasi,
watu waamke wakute boflo lina moto.
Kazi ya giza, lakini ya halali.
Haikunijia kamwe kwamba kwa mbali
inafanana na wizi.

Ilimjia Mhina.
Miaka saba, mapengo mawili mbele,
na mwezi mzima godoro lake linaanikwa juani
huku mama yake akiwaambia majirani
kuna kopo la maji limemwagika.
Mwalimu anasema haandiki, anautazama mlango.
Ukidondosha sufuria anajikunja,
mikono kichwani, viwiko mbele,
mkao ambao nyumbani kwetu
hakuna aliyemfundisha.

Tukampeleka kusomewa. Akanywa kombe.
Mwajabu akasema ni jicho,
shangazi yake akasema ni minyoo,
tukampa na dawa ya minyoo.

Ndala nilizikuta mwenyewe
nikichimba shimo la mpapai nyuma ya choo:
jozi mbili ndani ya mfuko wa unga,
zimelazwa ubavu kwa ubavu,
zimefunikwa vizuri.
Sikumpiga. Hadi leo nashukuru sikumpiga.
Nilichuchumaa, nikamuuliza,
naye akaitazama miguu yangu mitupu, akasema:
"Yule mtu wa kwenye simu alivaa hizi."

Mtu gani, Mhina?

"Waliyempiga. Alikuwa anasema si mimi,
si mimi, mimi natoka kazini.
Ndala moja ikaruka, ikabaki barabarani.
Baba, ukivaa hizi watakujua."

Hapo nikakumbuka.
Ilirushwa kwenye kundi letu la kazini,
mtu akaandika chini yake: dawa ya mwizi hiyo,
mwingine akaweka vicheko,
nami nikaitazama hadi mwisho nikinywa chai,
nikaiacha simu mkekani, nikalala.
Dakika mbili na sekunde kumi na moja.
Nilipomuuliza ameitazama mara ngapi
alihesabu vidole, vikamwishia.
"Nilitaka nione kama safari nyingine ataamka."

Niliifuta mbele yake.
Akaniuliza: "Na kwa wale wengine?"

Sasa kila Jumatano tunakwenda Bombo,
kuna dada mpole anampa karatasi na rangi.
Wiki ya kwanza alichora barabara, haina mtu.
Ya pili, barabara na baiskeli, haina mtu.
Ya tatu hakutaka kuchora,
alitaka kujua karatasi zile zinapelekwa wapi.
Godoro bado linaanikwa,
ila si kila siku.

Ninavaa kandambili nyekundu, alizichagua yeye,
zina ua juu ya kidole gumba,
wenzangu tanurini hawaachi kunicheka.
Na tumepatana hivi:
nikifika kona ya msikiti
nagonga kengele ya baiskeli mara tatu,
ajue nimevuka.
Majirani wanalalamika. Wacha walalamike.

Jana usiku niligonga mbili tu.
Tochi zilikuwa zinakuja upande wangu,
hazina haraka, zinamulika chini, zinamulika kuta.
Nikaweka mguu mmoja ardhini
na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii
nikaangalia nimevaa nini.

Walikuwa vijana wa sungusungu, wawili.
Mmoja ni wa mtaani kwetu, hununua mkate kwangu.
Akanisalimia kwa jina.
Nilichelewa kuitikia.
Kisha nikagonga ile ya tatu.